Ridhaa na Radhi: Mtafiti Mlangoni pa Mwenyeji

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hukaririwa katika madarasa ya Kiswahili tangu shule za msingi, na aghalabu hufafanuliwa kwa mfano wa jogoo anayechinjwa kwa ajili ya mgeni, wenyeji nao wakapata kitoweo ambacho hawangekionja siku hiyo. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa swali la pili: je, mgeni anapobisha hodi akiwa na kinasa sauti na daftari, akala, akasikiliza, kisha akaondoka na maneno ya mwenyeji wake mkobani, ni nani aliyepona?

Swali hili lilimkabili mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili mnamo Agosti 2014, alipoteremka kutoka kwenye matatu mjini Webuye. Alikuwa mzaliwa wa Kitale, aliyelelewa kwa Kiswahili cha mtaani na Lubukusu cha kusikia kwa nyanya yake. Mada yake ilikuwa fasihi simulizi ya maombolezo katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa tohara, kwa kuwa Wabukusu hutahiri wavulana wao katika miaka inayogawika kwa mbili, na njiani matatu yake ilikuwa imepunguza mwendo mara tatu kuwapisha vijana waliokuwa wakikimbia huku wakipiga njuga zao kuwaalika jamaa. Abiria walishangilia. Mwanafunzi alitoa simu akapiga picha dirishani. Hakumwomba mtu yeyote ruhusa, wala wazo hilo halikumpitia akilini, ingawa mkobani mwake mlikuwa na kurasa arobaini kuhusu maadili ya utafiti.

Haiwezi kusemwa kuwa hakujiandaa. Alikuwa ameandika pendekezo la utafiti na kulitetea mbele ya jopo. Alikuwa amepata kibali cha NACOSTI, tume iliyoundwa kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Alikuwa amepiga ripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu, akatoka huko na barua mbili zenye mihuri, akazipeleka kwa chifu, chifu akampigia simu naibu wake, naye naibu akamtuma kwa mzee wa kijiji. Fauka ya hayo, alikuwa amesoma historia ya maadili yenyewe. Alijua kwamba kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zilizaliwa na kesi ya madaktari waliowafanyia wafungwa majaribio ya kikatili katika kambi za Wanazi. Kwamba Azimio la Helsinki lilifuata mwaka 1964. Kwamba Ripoti ya Belmont ya Marekani ya mwaka 1979 ilitaja nguzo tatu, yaani kumheshimu mtu, kumtendea mema na kumtendea haki. Alijua pia kwamba chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kilitangaza mwaka 1971, katika kivuli cha vita vya Vietnam, kuwa wajibu wa kwanza wa mtafiti ni kwa watu anaowachunguza. Yote hayo aliyajua. Alichokosa kukijua ni kwamba maadili hayo yangemfikia mzee wa Webuye yakiwa yamevikwa maneno ya Kiswahili, na kwamba maneno hayo yalikuwa na historia yake katika nchi ile.

Eneo lenyewe si geni kwa watafiti. Kati ya mwaka 1934 na 1938, Mjerumani Günter Wagner alifanya utafiti miongoni mwa Walogoli na Wabukusu, katika wilaya iliyoitwa wakati huo Kavirondo Kaskazini. Kitabu chake kuhusu Wabantu wa wilaya hiyo kilichapishwa kwa majuzuu mawili, la kwanza mwaka 1949 na la pili mwaka 1956, miaka minne baada ya kifo chake. Ni kazi kubwa, na hakuna anayeandika kuhusu tohara, ndoa au matanga ya eneo hilo anayeweza kuipita bila kuisalimu. Hata hivyo, mwanafunzi alipoifungua maktabani alipata kwamba wazee wa babu yake walikuwa wameandikwa kwa jina la Wavugusu, na kwamba jalada lilikuwa na jina moja tu, la mwandishi.

Ni rahisi kumlaumu mfu, na lawama rahisi haifunzi. Lenye manufaa ni kuuliza hali ilikuwaje. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya kuahidi kuwa ardhi iliyotengewa Waafrika itabaki yao. Mwaka 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega. Na mwaka 1932 sheria ile ikarekebishwa ili ardhi iweze kuchukuliwa pasipo kulipwa ardhi nyingine. Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter nayo ilikuwa ikizunguka nchini ikiuliza nani alikaa wapi tangu lini, na ripoti yake ikatoka mwaka 1934, mwaka ule ule Wagner alipofika. Katika mazingira hayo, Mzungu mwenye daftari aliyeuliza kuhusu koo na mipaka yake angeweza kukataliwa na nani? Na aliyemjibu alikuwa akijibu kwa hiari, kwa hofu, au kwa matumaini kwamba jibu lake lingemrudishia shamba? Ridhaa ni tunda la uhuru wa kukataa. Palipo na mtu asiyeweza kusema la, ndiyo yake haina uzito.

Waafrika wenyewe hawakusubiri kuandikwa tu. Jomo Kenyatta alisomea anthropolojia kwa Bronislaw Malinowski jijini London na kuchapisha kitabu chake kuhusu Wagikuyu mwaka 1938. Gideon Were alizunguka Magharibi mwa Kenya akikusanya simulizi za wazee na kuchapisha historia ya Abaluyia mwaka 1967. Okot p'Bitek, aliyesomea anthropolojia Oxford, aliwakosoa vikali mwaka 1970 wasomi wa Magharibi waliozivika dini za Kiafrika mavazi ya kwao. F. E. Makila naye aliandika historia ya Wabukusu mwaka 1978. Mwanafunzi wetu alijihesabu katika msafara huu. Yeye ni mwana wa nyumbani. Angewezaje kuwa mgeni? Hapo ndipo alipojikwaa.

Mzee aliyekwenda kumwona aliishi nje kidogo ya Webuye, mahali ambapo kilima cha Chetambe huonekana vizuri asubuhi. Huko Chetambe Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895 wakapoteza watu wengi, na hakuna mtoto anayekulia chini yake asiyesimuliwa. Mzee alikuwa mmoja wa wachache wanaotambuliwa kutoa kumuse, ile hotuba ndefu ya maombolezo inayotolewa na mteule baada ya mazishi ya mzee aliyeheshimika, ambapo historia ya jamii, nasaba, maonyo na faraja husukwa pamoja mbele ya halaiki iliyonyamaza.

"Mulembe, kuka," mwanafunzi alisalimu.

"Mulembe, mwana wefwe."

Walizungumza kuhusu nyanya yake, ukoo wake, na mahali babu yake alipozikwa. Ndipo akatoa fomu. Ilikuwa kurasa mbili, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa msaada wa kamusi, na juu yake paliandikwa kwa herufi nzito: FOMU YA RIDHAA YA MTOA HABARI. Mzee alimwita mjukuu wake aisome kwa sauti. Kijana alisoma kichwa tu, babu yake akainua mkono.

"Mtoa habari ni nani?"

"Ni wewe, kuka."

"Nampa nani habari? Askari?"

Watu wote barazani waliangua kicheko, na mwanafunzi naye akacheka. Usiku huo alikiandika kisa hicho katika shajara yake kama kichekesho. Hakubadilisha fomu. Alikuwa amepiga chapa nakala sitini.

Mzee hakutia sahihi siku hiyo, wala hakutoa alichoombwa. Mwanafunzi alipomsihi amtolee kumuse, japo kipande cha dakika kumi, ili akinase pale pale chini ya mwembe, uso wa mzee ulibadilika.

"Nani amekufa?" aliuliza. "Niambie unataka nimwite nani, katika hawa ulionisalimia."

Mwanafunzi hakuwa na jibu. Katika pendekezo lake, kumuse ulikuwa "matini". Kwa mzee ulikuwa kitendo, na kitendo hicho kilihitaji maiti aliyekwisha kuzikwa, wafiwa waliokwisha kunyoa, na asubuhi yake maalumu. Kuutoa pasipo msiba ni kuukaribisha msiba. Aliyeomba hivyo hakuwa ameomba wimbo. Alikuwa ameomba kifo.

"Subiri," mzee alisema mwishowe. "Kitu hiki hakikosekani duniani. Siku yake ikifika utaitwa."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi alikaa katika boma la jamaa yake kwa wiki mbili na nusu, na kwa kuwa mahindi ya Bungoma yalikuwa yamekwisha kukauka, alipewa kazi ya kupukuchua. Vidole vilichubuka. Hakuna sura ya vitabu vya mbinu za utafiti inayotaja kupukuchua mahindi, ila hapo ndipo alipojifunza mengi: nani hukaa na nani, nani hazungumzi na nani, ni maswali gani huulizwa mbele ya watu na yapi husubiri jioni. Malinowski alikuwa amewafundisha wanafunzi wake kuishi na watu badala ya kuwaita verandani na kuwauliza maswali. Naye huyo huyo, shajara zake zilipochapishwa mwaka 1967, miaka 25 baada ya kifo chake, ziliwaonyesha wasomaji jinsi mtu anavyoweza kuishi na watu na bado akawadharau moyoni. Kukaa karibu hakutoshi. Ila ni mwanzo.

Mwito ulifika alfajiri moja, kwa mwendeshaji bodaboda aliyetumwa na mzee. Kijiji cha tatu kutoka hapo kilikuwa kimemzika mzee wa makamo ya juu, na siku ya kumuse ilikuwa imewadia. Mwanafunzi alipomfikia mzee, alimwonyesha kinasa sauti kama anayeuliza. Mzee alimwelekeza kwa kidole kwa kifungua mimba wa marehemu. "Maneno ni yangu," alisema, "lakini msiba ni wao."

Kifungua mimba alisikiliza kwa makini. Alikubali sauti inaswe, akakataa picha, akaagiza apewe nakala. Kisha likatokea jambo ambalo mwanafunzi hakulitarajia. Kabla ya kuanza, mzee alisimama katikati ya uwanja na fimbo yake, akautangazia umati kuwa msichana aliyesimama pale pembeni ni binti wa fulani wa ukoo fulani, kwamba anasomea mambo ya kale, kwamba chombo alicho nacho kinahifadhi sauti, na kwamba wenye msiba wamekubali. Akauliza kama kuna mwenye neno. Mama mmoja mzee aliuliza kama sauti hiyo itauzwa. Mzee akamgeukia mwanafunzi, naye akalazimika kujibu kwa sauti, kwa Lubukusu chake cha kuchechemea, mbele ya mamia ya watu: haitauzwa. Ndipo kumuse ukaanza.

Fomu aliyoitunza mkobani ilihitaji sahihi ya mtu mmoja na shahidi mmoja. Ahadi aliyoitoa uwanjani ilikuwa na mashahidi ambao hata angetaka asingeweza kuwahesabu. Ilimpambazukia kwamba alikuwa amekuja kuwafundisha wenyeji utaratibu wa ridhaa, kumbe wao walikuwa na wa kwao, wa kale zaidi na mgumu zaidi kuvunjwa.

Baada ya siku chache, mzee aliikubali fomu, kwa sharti moja. Mahali palipoandikwa kuwa jina lake halitatajwa popote, alitaka pafutwe. "Ukiniandika bila jina, umeniiba," alisema. Mafunzo yote ya maadili yalikuwa yamemwambia mwanafunzi kwamba kuficha jina ni kumlinda mtu. Lakini mtunzi asiyetajwa amelindwa dhidi ya nini, kama si dhidi ya sifa yake mwenyewe? Miaka miwili baadaye, mwaka 2016, Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotambua kuwa jamii zina haki juu ya urithi wao. Mzee hakuhitaji kuisubiri.

Mwanafunzi aliondoka Bungoma akiwa na furaha ya mvuvi aliyejaza tenga. Barabara ya Kitale hupitia Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, na kadiri matatu ilivyopanda ndivyo mahindi yalivyozidi kuwa ya kijani, maana Trans Nzoia huvuna baadaye. Kitale ulikuwa mji wa walowezi, nao reli iliufikia mwaka 1926. Wabukusu wengi, wakiwemo babu zake, waliingia huko kama vibarua na maskwota katika mashamba ya Wazungu. Alipokuwa shule ya msingi, darasa lake lilikuwa likipelekwa katika makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974 na ambayo chimbuko lake ni mkusanyiko wa Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa kukusanya wadudu, ndege na vitabu. Alikumbuka masanduku ya vioo na vipepeo waliochomwa pini, kila mmoja na kibandiko chake. Kipepeo hakuulizwa kitu. Kwa kipepeo, pengine, hilo si neno.

Sehemu ya pili ya utafiti ilihusu waliohamia Kitale kutoka Mlima Elgon. Wasomaji wengi watakumbuka kilichotokea huko. Ugomvi wa ardhi katika mpango wa makazi wa Chepyuk, ulioanzishwa mwaka 1971 na kugawanywa upya awamu baada ya awamu, ulizaa kundi la wapiganaji la SLDF, ambalo kuanzia mwaka 2006 liliwatesa wakazi wa mlima, na zaidi ya watu 600 wakauawa. Waliodhaniwa kuipasha serikali habari walikatwa masikio. Machi 2008 serikali ilituma jeshi katika Operesheni Okoa Maisha, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika kuwa wanaume walikusanywa kambini kwa mamia, wakapitishwa mbele ya watoa habari waliowanyoshea vidole, na kwamba baadhi yao hawakuonekana tena. Neno lililowachekesha watu barazani Webuye lilikuwa, mwendo wa saa chache kutoka hapo, limewapoteza watu masikio na waume.

Mama aliyezungumza na mwanafunzi alikuwa muuza mboga, rafiki wa mama yake mzazi kwa miaka kadhaa. Urafiki huo ndio uliofungua mlango, na ndio uliokuwa mtego. Mtu humkataliaje binti wa rafiki yake, aliyekuja na kilo mbili za sukari na salamu za mamake? Walizungumza kwa saa mbili. Mume wake alichukuliwa mwaka 2008 na hakurudi. Mwanafunzi, akifuata mwongozo wake wa maswali, aliuliza jinsi alivyoomboleza.

"Nitaombolezaje na sijazika?" mama alijibu.

Mwanafunzi alijua, kwa ile furaha ya msomi ambayo ni vigumu kuikiri, kwamba hapo amepata kiini cha tasnifu yake: Bungoma, mzee asiyeweza kutoa maneno kabla ya kaburi, Kitale, mjane asiye na kaburi la kutolea maneno. Mwisho wa mazungumzo alimpa fomu atie sahihi. Mama hakuwa na miwani. Alitia sahihi mahali alipoonyeshwa na kubaki na nakala yake.

Siku ya tatu alimwita. Alikuwa ameketi kitandani, karatasi ikiwa mapajani. Mwanawe wa kiume alikuwa amemsomea.

"Mwanangu," alisema, bila ukali, "aliyemwonyesha mume wangu kwa kidole alikuwa mtoa habari. Nawe karatasi yako inaniita hivyo hivyo. Nami nimetia sahihi."

Mwanafunzi alianza kueleza kuwa neno hilo lina maana nyingine katika utafiti. Akasikia sauti yake mwenyewe ikieleza, akanyamaza. Mama aliendelea. Baadhi ya waliohusika wakati ule bado hupita sokoni. Wengine hununua mboga kwake. Hakutaka sauti yake iwe mahali popote ambapo mtu angeweza kuisikia.

Kwenye karatasi, haki ya kujiondoa wakati wowote ilikuwa imeandikwa katika aya ya sita. Ni aya ambayo kila mtafiti huinakili, na ambayo wachache hutarajia kuona ikitumiwa. Muda wa utafiti ulikuwa umebaki siku tisa. Pasipo mazungumzo yale, sura ya nne ilikuwa imebomoka. Zaidi ya hayo, mama hangejua kamwe kama sauti imefutwa au imefichwa. Hapangekuwa na hakimu ila dhamiri. Kanuni zote za Nuremberg na Helsinki na Belmont zilikuwa zimejikusanya katika kitufe kimoja cha kinasa sauti.

"Nitaifuta sasa hivi, mama," alisema.

"Ngoja," mama alijibu. "Nataka kuisikia kwanza."

Wakakaa, wakasikiliza saa mbili zote. Mama alisikia sauti yake ikilitaja jina la mumewe, mara nyingi kuliko alivyodhani. Hakuna aliyezungumza. Nje palikuwa na watoto wakicheza mpira wa makaratasi. Sauti ilipokwisha, mama alijifuta uso kwa ncha ya leso.

"Sasa futa."

Alifuta mbele yake. Alirudi nyumbani akafuta nakala iliyokuwa kwenye kompyuta na ile ya diski mweko, akazirarua kurasa kumi na moja za daftari na kuzitia mekoni. Alimwandikia mhadhiri wake, ambaye alikuwa amekwisha kutumiwa nukuu za awali, akamwomba naye afute. Mhadhiri hakuuliza kuhusu sura ya nne. Aliuliza kama amekumbuka kapu la takataka la kompyuta, kwa kuwa kilichotupwa humo hakijafutwa. Hakuwa amekumbuka.

Msomaji makini atauliza: ikiwa sauti ilifutwa, mbona kisa kimesimuliwa? Mama huyo alisomewa sentensi zote zinazomhusu, mojawapo ikaondolewa kwa kauli yake, na hizi zilizobaki akazikubali. Aliyoyasimulia katika saa mbili zile hayamo. Yalifutwa.

Somo la lugha katika mambo haya si dogo, na linawahusu wapenzi wa Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Tasnifu zilizojaa katika rafu za idara zetu zina "watoa habari", "wahojiwa" na "sampuli". Lakini kuhoji, kwa Mkenya wa kawaida, ni kazi ya polisi. Gazeti likisema mtu "anahojiwa", msomaji hufikiria rumande. Sampuli ni damu na mkojo vinavyopelekwa maabarani. Kutia sahihi nako, kwa mtu ambaye wazee wake walipoteza ardhi kwa karatasi wasizoweza kuzisoma, si jambo jepesi. Istilahi hizi hazikuundwa kwa nia mbaya. Zilifasiriwa mezani, na meza haina kumbukumbu. Waweza kusema "msimulizi" pale ambapo mtu amesimulia, nawe utakuwa umekiri kuwa kazi ni yake. Waweza kusema "mshiriki", ingawa neno hilo linaahidi ushirika ambao mara nyingi haupo. Waweza kusema "mwenyeji", na papo hapo ukajikumbusha kuwa wewe ni mgeni, hata kama ulizaliwa mtaa wa pili. Hakuna neno lisilo na walakini. Ila mtafiti asiyeyapima maneno yake mahali yatakapotamkwa hajakamilisha maandalizi, hata awe na vibali vya kujaza gunia.

Kiswahili chenyewe kina hazina hapa. Tunayo maneno matatu ambayo fomu huyachanganya: idhini, ruhusa na ridhaa, yote yenye asili ya Kiarabu. Idhini na ruhusa hutolewa na mwenye mamlaka. Kamishna wa kaunti huweza kuzitoa akiwa hajawahi kukanyaga kijiji husika. Ridhaa haitoki ofisini. Shina lake ndilo lililozaa kuridhika, yaani moyo kutulia. Ndilo lililozaa pia radhi, ile baraka ambayo mtoto huitafuta kwa wazazi na ambayo akiikosa hafanikiwi. Na kutokana na shina hilo hilo hutoka kuomba radhi, anachofanya mtu aliyekosa. Kwa hiyo ridhaa si tukio la mara moja lenye tarehe na sahihi. Ni hali ya moyo wa mtu mwingine, nayo huweza kuondoka. Aliyeipata leo sharti arudi kesho kuuliza kama ingalipo. Na akikuta imeondoka, lugha imekwisha kumpa neno la kusema.

Ulimwenguni nako mambo yanabadilika. Mwaka 2017 jamii za Wasan wa Afrika Kusini zilitunga kanuni zao wenyewe za kuwaongoza watafiti wanaokwenda kwao. Waliochunguzwa kwa zaidi ya karne moja wakashika kalamu. Kenya ikapata Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, nayo inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa aliyoitoa. Ni hatua za kupongezwa. Lakini sheria huja mlangoni pamoja na mtafiti. Haiingii ndani kabla yake.

Mwanafunzi alihitimu akiwa amechelewa muhula mmoja. Tasnifu yake ilihusu Bungoma pekee, na jina la mzee wa Webuye limo katika ukurasa wa shukrani na katika kila nukuu. Kifungua mimba alipata nakala yake ya sauti. Ile picha ya vijana wa tohara, iliyopigwa dirishani, ilifutwa pia, ingawa hakuna aliyeiulizia.

Fomu yake mpya, ambayo wanafunzi kadhaa waliomfuata wameiazima, haina kichwa cha herufi nzito. Swali lake la kwanza ni: "Ungependa uitwe nani katika kazi hii?" Chini yake pana nafasi ya kutosha, hata kwa mtu anayetaka kuandika kuwa hapendi kuitwa chochote.

Alipokwenda Kitale baada ya kuhitimu, alipita kwa yule mama, mkononi hana kitabu wala kinasa sauti. Mama alimtazama kwa muda pale mlangoni.

"Uliniandika?"

"Sikukuandika, mama. Nimekuja kukuomba radhi."

Mama alisogeza kikapu cha sukuma wiki pembeni ili apate pa kupita. "Ingia basi," alisema. "Chai iko jikoni."